Shikamoo, Sufuria

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sikutoka Kenya kuja Maskati ili nijifunze kupika. Nilikuja likizo ya Desemba kumtembelea mama yangu, nipumzike baada ya mwaka mrefu wa elimu ya bweni, na nile chakula ambacho hakikorogwi kwa mwiko mrefu kuliko mpishi. Mama anafua na kupiga pasi kwenye hoteli moja upande wa Bustan. Anaishi Azaiba, katika chumba anachogawana na Wambui, mwanamke mwenye heshima zake ambaye hapendi mizaha. Hilo la mwisho sikuambiwa mapema. Wiki haikwisha kabla Wambui hajaamshwa na simu yake ikilia ndani ya gunia la mchele, na yeye akiwa amelala na soksi mikononi.

Mama hakunipiga. Alikaa kitandani, akanitazama kama nguo yenye doa lisilotoka, akasema nitatafutiwa mahali penye mtu mzima wa kuniangalia siku anazoingia kazini. Mahali penyewe palipatikana kupitia Alvin, kijana wa kwetu anayeuza kahawa kwenye mkahawa wa barabara kuu ya Azaiba. Alvin alikuwa amejiandikisha kwenye darasa la mapishi la Jumamosi, na nafasi moja ilikuwa wazi. Mapishi ya kienyeji ya Meksiko. Ndivyo ilivyotokea kwamba mimi, Stacy, kiongozi wa bweni aliyevuliwa madaraka mara mbili, nilivuka bahari kuja Uarabuni nikahukumiwa kupika chakula cha Meksiko. Niliipokea hukumu hiyo kwa unyenyekevu.

Darasa lilikuwa kwenye jiko la nje, uani kwa Bi Mahbuba. Bi Mahbuba ni Mwomani aliyezaliwa Unguja, mjane, mwenye nyumba nyeupe na sauti ambayo haihitaji kupazwa. Mwalimu wetu alikuwa mke wa mwanawe, Safwan. Anaitwa Itzel, anatoka Oaxaca huko Meksiko, na alikutana na Safwan walipokuwa wakisoma Uhispania. Nilijiandaa kuzungumza naye kwa Kiingereza changu cha sherehe. Akanifungulia mlango, akasema, "Karibu, mwanangu, vua viatu. Nnakuja sasa hivi, nna kitu motoni."

Nyumba ile huzungumza Kiswahili ndani na Kiarabu mlangoni, na yeye alikuwa amejifunza kile cha ndani. Alikitamka vizuri kuliko mimi. Nilimshukuru Mungu kwamba mwalimu wangu wa Kiswahili hakuwepo kutulinganisha.

Tulikuwa wanafunzi watatu: mimi, Alvin, na Taghreed, mjukuu wa Bi Mahbuba, msichana wa umri wangu mwenye uso wa malaika. Tulitazamana mara moja tu tukajua kwamba sisi ni watu wa kazi moja. Kabla ya somo la kwanza kuanza, nilimweleza Alvin, kwa sauti ile ninayotumia kusoma Biblia mbele ya shule, kwamba katika mila ya Meksiko hakuna anayefunua chungu bila kukisalimu. Chungu ni mkubwa wako, nikamwambia, kimepika kabla hujazaliwa. Taghreed aliinamisha kichwa kwa masikitiko, akathibitisha. Tangu siku hiyo Alvin, mtu mzima mwenye kazi na leseni ya udereva, alikuwa akiinama mbele ya kila sufuria na kunong'ona, "Shikamoo," ndipo ashike kifuniko. Itzel alidhani ndivyo Wakenya walivyo.

Lakini niseme kweli, kwa sababu heshima mtu humpa anayestahili. Utundu wangu ulianza kukosa nafasi kwenye jiko lile. Yule mwanamke alikuwa akifanya mambo ambayo mimi, pamoja na uzoefu wangu wote wa vituko, sikuwahi kuyawaza. Kwa mfano, alikuwa akiunguza vitu kwa makusudi. Alichukua pilipili kavu ndefu, akazichoma kwenye chuma cha chapati mpaka zikawa nyeusi na sisi sote tukatoka nje tukikohoa, halafu akarudi ndani akitabasamu na kuunguza ufuta kidogo, lozi, na hata kipande cha mkate wa mahindi. Vyote vikasagwa pamoja na zabibu, mdalasini, karafuu na chokoleti, vikawa mchuzi mweusi unaoitwa mole. Ukiuonja, kwanza unasikia utamu, halafu moshi, halafu ukali unaokuja taratibu kama mwalimu wa zamu anayetembea bila viatu. Mpishi wa shule yetu huunguza kila kitu na hajawahi kupata sifa hata moja. Siku ile nilielewa kwamba tofauti iko kwenye kujua ni wapi pa kuacha.

Halafu kulikuwa na mahindi. Mimi na Alvin tulidhani mahindi ni mali yetu, kwamba hakuna Mmeksiko wa kutufundisha kitu hapo. Itzel akachemsha punje zake kwa maji ya chokaa, chokaa ileile ambayo Bi Mahbuba hula na tambuu, akaziacha zilale humo usiku kucha. Asubuhi ganda lilitoka kwa kusugua tu kwa vidole. Alizisaga zikiwa bado na maji yake, akapata donge laini linalonukia kama mvua ya kwanza. Kidonge kidogo kilibanwa kikawa bapa, kikatupwa kwenye chuma, kikavimba kama kimevuta pumzi. Ule ndio mkate wao wa mahindi, tortiya. Alvin alikula wa kwanza. Kisha akasema polepole kwamba kwao Kitale hakuna mtu anayejua jambo hili, na kwamba atalipeleka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Itzel alikuwa na mwaka wa pili katika nyumba ile, na Bi Mahbuba hakuwahi kula chakula cha mkono wake. Hakukataa kwa maneno. Alikuwa tu amekwishakula, au anafunga, au tumbo linamsumbua. Hakumwita jina lake pia. Alimwita mke wa Safwan. Jiko la nje lilikuwa lake Bi Mahbuba, naye alimwazima Itzel kwa darasa, na Taghreed alitueleza masharti yake. Jumamosi ya mwisho ya mwezi dada yake Bi Mahbuba, Bi Kheiria, angekuja kutoka Sib kula mchana. Wangekula chakula cha darasa. Kikiwafaa, darasa litaendelea. Kisipofaa, jiko litageuzwa ghala.

Kwa mwanamke yule jiko lile halikuwa jambo dogo. Ndipo mahali pekee Maskati alipokuwa akijua kila kitu kilipo bila kuuliza. Nilimwona siku moja akifuta meza iliyokwisha kufutwa, akiimba kitu cha kwao, na nikaahirisha mzaha niliokuwa nimeupanga wa chumvi na sukari. Sijawahi kuahirisha mzaha kwa ajili ya mwalimu yeyote.

Jumamosi hiyo tulifika mapema. Mole ilikuwa tayari, imelala usiku mmoja na imekuwa nzuri zaidi. Kuku alikuwa amechemka. Alvin aliisalimu kila sufuria kwa mpangilio. Itzel alisaga mahindi yote, akakanda donge kubwa, akalifunika kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha akaitwa ndani: Bi Kheiria alikuwa amefika, na lazima mke wa Safwan apeleke tende na kahawa. Akaondoka akisema, "Huo unga uacheni upumzike."

Tukabaki mimi na Alvin, maana Taghreed naye alikwenda kumbusu mkono bibi yake huyo wa Sib. Alvin alifunua kitambaa, akalitazama donge.

"Stacy," akasema, "huu unga haujapikwa."

Nikautazama. Kweli, haukuwa umepikwa. Ulikuwa unga wa mahindi na maji, mbichi, uko pale umefunikwa kama mgonjwa, na wageni wako ndani.

"Labda amesahau," nikasema.

"Amechanganyikiwa na hao wageni. Mimi ningechanganyikiwa."

Naapa kwamba kwa mara ya kwanza tangu nifike Maskati sikuwa nikitania. Nilimhurumia. Tulikuwa tumemwona akikata vidonge vidogo na kuvichoma kimoja kimoja, lakini donge lilikuwa kubwa, muda ulikuwa mfupi, na sisi ni Wakenya. Mkenya hawezi kukaa karibu na unga wa mahindi na maji moto kisha asifanye lolote. Alvin alibandika maji. Nilimmegea unga, yeye akasonga. Alisonga vizuri, jasho likimtoka, akipiga mwiko ukingoni kama anayecheza ngoma, mpaka ukasimama. Tukaupindua kwenye sinia. Ulikuwa ugali mzuri kupita wowote niliowahi kuuona, mweupe, mlaini, umbo la kilima. Tukausogeza katikati ya meza na kusimama pembeni yake, tukingoja kushukuriwa.

Itzel aliingia na birika tupu. Alilitazama sinia.

"Hiki ni nini?"

"Tumekusaidia, teacher," alisema Alvin.

Hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaweka mikono magotini. Akatueleza taratibu, kama anayejieleza mwenyewe, kwamba tortiya haitoki kwenye unga uliokwisha kupikwa, kwamba mahindi mengine hayapo, na hata yangekuwepo yanahitaji kulala usiku mzima kwenye chokaa. Nimewahi kufanya utundu wa kila aina: nimefunga milango, nimegeuza saa ya ukutani, nimeandika matangazo ya uongo kwa mwandiko wa naibu mkuu. Uharibifu mkubwa kuliko wote niliufanya siku niliyokuwa na nia njema.

Taghreed aliporudi na kuelezwa, alisema zipo tortiya za pakiti kwenye duka kubwa, dakika chache kwa gari. Itzel alitikisa kichwa. Akamega ugali, akaufinyanga kwa vidole, akatia mdomoni. Akatafuna huku akitazama ukutani. Akamega tena.

Kisha akasimama. Alituambia kwamba pande za kusini kwao bibi yake alikuwa akipika tamali za namna yake, ambazo unga wake hukorogwa kwanza motoni kama hivi. Ukishaiva unalainishwa kwa samli na supu, unapakwa, unawekwa kuku na mole katikati, unafungwa kwenye jani la mgomba na kutiwa kwenye mvuke. Hakuwahi kuzipika tangu utotoni. Samli ipo, supu ipo.

"Majani," akasema. "Majani hatuna."

Mimi na Taghreed tulitazamana. Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na migomba mitatu. Marehemu mumewe Bi Mahbuba alileta chipukizi zake kutoka Unguja zimefungwa kwenye gazeti, na Bi Mahbuba aliinywesha kila jioni kwa mkono wake. Hakuna aliyeruhusiwa kukata hata utepe. Taghreed alipokuwa mdogo alikata jani moja akalifanya mwavuli, na hadithi hiyo bado inasimuliwa kwenye sikukuu.

Nikajitokeza. Nilisema kwa unyenyekevu kwamba huu sasa ni uwanja wangu. Taghreed angekwenda kuzungumza na bibi zake kuhusu masomo, mimi ningezunguka kwa nyuma na kisu, na majani ya nyuma hayaonekani dirishani. Nilikuwa na mpango kamili. Nadhani ulikuwa mpango bora wa maisha yangu.

"Hapana," alisema Itzel. "Nitaomba."

Alivua aproni, akanawa mikono, akajifunga mtandio wake vizuri. Alikwenda kama mwanafunzi anayekwenda ofisini bila kuitwa. Sisi tulimfuata mpaka nje ya dirisha la sebule, si kwa umbeya, bali kwa sababu kila jambo kubwa linahitaji mashahidi.

Bi Mahbuba alikuwa amekaa na dada yake, kijaluba, kikasha chake cha tambuu, mapajani. Itzel alisimama mbele yao.

"Mama, nna shida. Nnakuomba majani ya mgomba."



"Ya nini?"

"Ya kufungia chakula. Unga umeharibika."

"Kauharibu nani?"

"Umeharibika jikoni kwangu, Mama."

Hakututaja. Mahali pale jina langu na la Alvin yangeweza kuandikwa kwa herufi kubwa, na hakututaja. Katika miaka yangu yote ya bweni sijaona mtu akisimama hivyo mbele ya mkubwa na kubeba kosa la watoto wa wengine bila hata kutafuta huruma.

Bi Mahbuba alifunga kijaluba. "Mwaka wa pili huu umo ndani ya nyumba yangu," akasema. "Ndimu unanunua dukani, na mndimu uko mlangoni. Chokaa unaifuata Ruwi, na mimi nnayo hapa mkononi. Hata chumvi hujapata kuniomba. Nikasema, huyu hataki kitu changu. Basi na mimi nnakula chake cha nini?"

Itzel akasema, "Nilidhani nikiomba nitakusumbua. Kwetu nilifunzwa, ukweni usiombe."

"Asiyeomba ni mgeni," alisema Bi Mahbuba. "Wa nyumbani huomba."

Bi Kheiria alichukua tende nyingine. "Mahbuba, mpe mtoto majani. Nimetoka Sib kuja kula, sikuja barazani kwa kadhi."

Bi Mahbuba aliinuka. Alichukua kisu mwenyewe. Sote tulikimbia kurudi jikoni tukajifanya tunapanga vijiko, na kupitia mlango tulimwona akizunguka tangi, akichagua majani ya chini, akikata moja, akitingisha vumbi, akikata jingine, huku akimwonyesha Itzel lipi limekomaa na lipi bado linalisha mti. Halafu akaingia nayo jikoni. Taghreed alinifinya mkono. Bibi yake hakuwa amekanyaga mle tangu darasa lianze.

Sijui nilitarajia nini. Labda ukaguzi wa usafi. Bi Mahbuba alitandika jani mezani, akaondoa uti wa katikati, akawasha jiko na kuanza kulibabua: analivuta juu ya moto, hapa na hapa, mpaka kijani kinakolea na kung'aa na jani linalegea kama kitambaa. Upande wa pili Itzel alikuwa amewasha jiko jingine na analivuta jani lake hivyohivyo. Mkono ule ule, mwendo ule ule. Hakuna aliyekuwa amemfunza mwenzake. Bi Mahbuba aliona, akasimama kidogo na jani lake hewani.

"Nani kakuonyesha hivyo?"

"Bibi yangu."

"Alikuwa anajua," alisema Bi Mahbuba, akaendelea na kazi.

Tangu hapo jiko lile liliendeshwa na watu wawili, na sisi wengine tukawa miguu yao. Alvin alipondaponda kilima chake cha ugali kwa samli na supu, kwa uchungu, mpaka ukalainika. Mimi nilipasua uti wa majani kupata nyuzi za kufungia. Taghreed alipaka unga. Itzel aliweka kuku na kijiko cha mole, akakunja jani upande huu na huu kama bahasha. Bi Mahbuba alifunga mafundo, kwa sababu mafundo yetu, alisema, ni ya watu wanaofunga mbuzi wasiyempenda. Vifurushi vikaingia kwenye mvuke. Harufu ya jani la mgomba ilipoanza kutoka ikichanganyika na karafuu na ule moshi wa pilipili, hata sisi tuliokuwa na hatia tulisahau hatia yetu.

Walikula sebuleni, nasi tukapanga mstari mlangoni. Bi Mahbuba alifungua kifurushi chake. Kabla ya kula alichota tone la mole, akaliweka kwenye kiganja, akalionja kwa ncha ya ulimi. Itzel huonja hivyohivyo. Akafumba macho.

"Karafuu hizi?"

"Karafuu, Mama."

"Umezitia chache."

Kisha akala. Alikula polepole, akimega na kuchovya, mpaka jani likabaki na alama tu za mchuzi. Akafungua cha pili. Bi Kheiria, ambaye alikuwa kwenye cha tatu, aliuliza hiki chakula kaleta nani, maana anataka kubeba vingine.

"Hakikuletwa na mtu," alisema Bi Mahbuba. "Kapika Itzel."

Lilitoka limebana kidogo, kama kiatu kipya, lakini lilikuwa jina lake. Itzel aliinama kukusanya majani matupu na akakaa ameinama muda mrefu kuliko kazi ile ilivyohitaji.

Bi Mahbuba alifungua kijaluba, akatoa kikopo kidogo cha chokaa, akakisukuma mbele ya mkwewe. "Nyingine iko kabatini. Hiyo ya Ruwi haina nguvu." Akapangusa vidole. "Na hilo jiko lako halina kiti. Mimi mtu mzima, Jumamosi nitakaa wapi?"

Kiti alikipeleka Alvin jioni ileile, akikibeba kichwani, na hakumruhusu mtu amsaidie.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mwisho kwangu, kwa sababu shule, kwa masikitiko makubwa, ilikuwa inafungua. Bi Mahbuba alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya jiko, kisahani cha karafuu na ndimu za mlangoni vikiwa mbele yake, akimweleza Itzel kwamba samli haimwagwi hivyo. Itzel alimjibu kwamba bibi yake alimwaga hivyo. Waliendelea kubishana kwa furaha kubwa. Alvin aliingia amechelewa kutoka mkahawani, akaelekea moja kwa moja kwenye sufuria kubwa, akainama kwa adabu zake zote.

"Shikamoo," akanong'ona.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bi Mahbuba kutoka nyuma ya mvuke. "Funua, utie chumvi."

Alvin aliruka nyuma, mkono kifuani. Taghreed alijificha ndani ya kabati la masufuria. Mimi nilisimama wima, uso mkavu, kama nilivyofunzwa na shule nzuri, na sikumwambia ukweli. Mpaka leo sijamwambia. Nasikia bado anasalimu, na bado anajibiwa.